Sisi twahesabu mawaziri, Ruto ahesabu viti

Jioni ya Septemba 27, 2022, Rais William Ruto alipomaliza kusoma majina ya mawaziri wake, kwenye baraza ninayonywea kahawa hapa Mombasa hesabu ilikuwa imeshafungwa kabla ya kikombe cha pili kumiminwa. Pwani ilikuwa imepata wawili, Salim Mvurya wa Kwale na Aisha Jumwa wa Kilifi. Mombasa haikupata kitu. Mlima Kenya ulijaziwa sahani mpaka ikamwagika, na Bonde la Ufa lilijipakulia lenyewe. Kwa mwezi mzima uliofuata, hadi mawaziri walipoapishwa Ikulu Oktoba 27, magazeti na redio ziliiendeleza hesabu ile ile kwa lugha ya kisomi zaidi: nani kapewa mnofu na nani kaachiwa mfupa, wanawake ni wangapi, wenye kesi mahakamani ni wangapi, wataalamu wamefichwa wapi. Ni maswali halali, na baadhi yake nitayarudia. Lakini yote yanausoma uteuzi huu kama karamu ya walioshinda, na nadhani hapo ndipo tunapopotea. Kuna kifungu cha Katiba kinachokataza waziri kuwa mbunge. Tulikishangilia mwaka 2010. Ruto amekitumia kuwapokonya wandani wake wakubwa silaha pekee ambayo ingewawezesha siku moja kumwambia hapana, nao wameikabidhi wakitabasamu mbele ya kamera.

Tuanzie tulikotoka. Chini ya Katiba ya zamani waziri alikuwa lazima awe mbunge. Cheo alipewa na rais, kiti alipewa na watu wa kwao, na rais alipokitwaa cheo hakuweza kukigusa kiti. Tofauti hiyo ndiyo iliyozaa vizaazaa vingi vikubwa vya siasa zetu za miaka ile. Mwai Kibaki aliingia Ikulu mwishoni mwa 2002 akiwa amebeba mkataba wa maelewano kati ya kambi mbili za muungano wake, NAK yake mwenyewe na LDP ya kina Raila Odinga, wa kugawana Baraza la Mawaziri nusu kwa nusu. Mkataba haukuheshimiwa. Mawaziri wa LDP hawakwenda nyumbani kulia. Walibaki mezani huku wakiipinga serikali waliyokuwa ndani yake, na katika kura ya maamuzi ya Novemba 21, 2005 kuhusu rasimu ya Katiba, Raila Odinga, Kalonzo Musyoka, Najib Balala na wenzao wakaongoza kambi ya Chungwa, iliyosema hapana, kuibwaga Ndizi, kambi ya ndiyo ya rais wao wenyewe. Siku mbili baadaye Kibaki akalivunja Baraza, akasalia na makamu wake na mwanasheria mkuu. Alipotangaza jipya mwezi Desemba, baadhi ya walioteuliwa, wakiwemo Charity Ngilu na Musikari Kombo, walivikataa vyeo wakitaka kwanza mazungumzo. Kijana wa leo akisimuliwa haya atadhani ni hadithi za sungura na fisi. Mtu anasikia jina lake redioni kwamba ni waziri, naye anajibu: ngoja kwanza, tuongee. Aliweza kujibu hivyo kwa kuwa alikuwa na pa kusimama.

Aliyelielewa somo hilo kuliko wote ni Ruto mwenyewe. Februari 2010, akiwa Waziri wa Kilimo, Waziri Mkuu Raila Odinga alitangaza kumsimamisha kazi, na Kibaki akaitangua amri hiyo saa chache baadaye. Oktoba mwaka huo huo alisimamishwa akiwa Waziri wa Elimu ya Juu, na Agosti 2011 akaondolewa kabisa barazani. Je, alipotea? Alikuwa bado mbunge wa Eldoret Kaskazini. Akazunguka nchi akiwa na mshahara, jukwaa na watu, akajenga chama cha URP, na 2013 akaingia Ikulu kama naibu wa Uhuru Kenyatta. Kisha akafundishwa sehemu ya pili ya somo lile lile. Baada ya salamu za Machi 9, 2018 kati ya Uhuru na Raila, Ruto alitengwa katika serikali yake mwenyewe, majukumu yake yakapewa Waziri Fred Matiang'i kwa amri ya rais ya Januari 2019, lakini hakuna barua iliyoweza kumfuta. Naibu wa rais huchaguliwa kwa kura moja na rais, na kumwondoa ni safari ndefu ya kupitia mabunge yote mawili. Alikaa pale pale, akifanya kampeni kutoka makazi rasmi ya serikali, hadi alipoapishwa kuwa rais Kasarani Septemba 13, 2022. Basi mtu aliyenusurika mara mbili kwa sababu cheo chake kilikuwa na mizizi nje ya mkono wa rais, hawezi kuwa hajui thamani ya mizizi hiyo anapowapangia wengine kazi.

Kuna mfano wa karibu zaidi, nao ndio unaonifanya nisiamini kwamba haya yamejitokea tu. Mwaka 2020 Uhuru alipoamua kuwafagia watu wa Ruto, alianza na Mwangi Kiunjuri, Waziri wa Kilimo, aliyefutwa Januari. Kiunjuri hakuwa mbunge wala chochote kingine. Ilimbidi aunde chama, akazunguke na gari lake, na kusubiri hadi Agosti 2022 ndipo arudi bungeni kwa kura za Laikipia Mashariki. Miezi michache baadaye fagio likaingia bungeni: Kipchumba Murkomen akavuliwa uongozi wa wengi katika Seneti, Kithure Kindiki akang'olewa unaibu spika wa Seneti, Aden Duale akapoteza uongozi wa wengi katika Bunge la Kitaifa. Watatu hawa walipoteza ofisi na magari, lakini hakuna aliyepoteza kiti. Waliendelea kusimama bungeni kila wiki na kuirarua serikali ya Uhuru, na sauti zao ndizo zilizouweka hai Tangatanga, mrengo wa wafuasi wa Ruto, wakati wengine wakijificha. Mwaka 2022 watatu hao hao walikuwa kwenye orodha. Kindiki hakugombea chochote Agosti, akawa Waziri wa Usalama wa Ndani. Murkomen aliacha useneta wa Elgeyo Marakwet alioushinda Agosti hiyo ili ashike Barabara na Uchukuzi. Duale aliacha ubunge wa Garissa Mjini achukue Ulinzi. Alice Wahome aliacha Kandara kwa ajili ya Wizara ya Maji. Kile kilichowaokoa mwaka 2020 walikirudisha kwa hiari mwaka 2022.

Waangalie na waliobaki. Moses Kuria aligombea ugavana wa Kiambu akashindwa. Mithika Linturi, Meru, akashindwa. Jumwa, Kilifi, akashindwa. Ezekiel Machogu, Kisii, akashindwa. Mvurya na Alfred Mutua walikuwa magavana waliomaliza mihula yao miwili, hivyo hawakuwa na pa kwenda. Wakosoaji waliwaita wote hawa makapi ya uchaguzi na kumlaumu Ruto kwa kuwapa ulaji marafiki. Ulaji upo, sikatai. Lakini mtu aliyeshindwa Agosti na kuokotwa Septemba ana sifa moja ambayo mshindi hana: hana deni kwa mpiga kura yeyote. Deni lake lote liko Ikulu. Kwa rais aliyeshinda kwa kura 233,211 tu katika kura zaidi ya milioni 14, na ambaye mrengo wake uliingia Bunge la Kitaifa ukiwa nyuma ya Azimio, muungano wa Raila, kabla ya vyama vidogo kuhama, sifa hiyo ni dhahabu. Oktoba 6, Spika Moses Wetang'ula aliamua kwamba Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ndio wengi, wabunge 179 dhidi ya 157, akiwahesabu waliohama pamoja na chama cha Mutua. Amason Kingi, aliyehama na chama chake cha PAA, akawa Spika wa Seneti. Ukiziweka picha hizi pamoja unaona mpango mmoja: vyama vinaletwa bungeni kuongeza idadi, na vinara wao wanaondolewa kwenye viwanja vyao na kukalishwa penye kuonekana.

Kuna hoja nzito dhidi yangu, na sitaki kuikwepa. Wanaoitetea Katiba ya 2010 watasema kwamba kabla yake Bunge lilikuwa limenunuliwa kwa vyeo. Serikali ya mseto ya 2008 ilikuwa na mawaziri 40, na ukiwajumlisha manaibu wao walipita 90, katika Bunge la wabunge 222. Serikali ikitaka kupitisha jambo, karibu nusu ya nyumba ilikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara yake. Kwa kuweka kikomo cha mawaziri 22 na kuwatoa bungeni, Katiba ililirudishia Bunge kazi yake. Hoja hii ni ya kweli na mimi si miongoni mwa wanaotaka turudi kule. BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kubadili Katiba, ilitaka kuturudisha, kwa kuwarejesha mawaziri bungeni na kuunda nafasi ya Waziri Mkuu, na Mahakama ya Juu iliuzima mchakato wenyewe Machi 2022. Ninachosema ni kwamba tulipolitenga Bunge na serikali tuliangalia upande mmoja wa ukuta. Bunge lilipata uhuru wake kutoka kwa mawaziri, sawa. Upande wa pili, waziri alipoteza uhuru wake mbele ya rais, na hakuna aliyeuliza nani sasa atamkatalia bosi ndani ya chumba kile baada ya milango kufungwa.

Wengine wanasema hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Rais ndiye aliyechaguliwa na nchi nzima, ndiye atakayeulizwa 2027 kuhusu bei ya unga na mbolea, basi mawaziri wawe watumishi wake watiifu wanaotekeleza. Nakiri nusu. Waziri wa enzi ya Kibaki aliyetumia wizara kujenga ngome ya kwao aliichelewesha kazi nyingi za serikali, na wakati wa mseto kulikuwa na wizara ambazo waziri na naibu wake hawakuzungumza kabisa. Ila utiifu una bei yake. Uamuzi mbaya wa rais hauna wa kuusimamisha mapema ukiwa bado ndani ya nyumba. Unatoka nje ukiwa mzima, unakutana na wananchi barabarani au majaji mahakamani. Serikali ambayo haipingwi ndani hupingwa nje kwa gharama kubwa zaidi.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo niliyoisikia mara nyingi zaidi mwezi huo, ni kwamba hatuna haja ya hofu kwa sababu Bunge limewapiga msasa. Kamati ya Uteuzi ilikaa kwa siku kadhaa, ikahoji mali za watu na digrii zao, na sisi tukakaa mbele ya runinga kama tunatazama fainali. Matokeo? Kamati ilipendekeza jina moja tu likataliwe, la Peninah Malonza wa Utalii, kwa kukosa ufahamu wa wizara aliyopewa. Jina hilo lilipofika kwa wabunge wote Oktoba 26, wakaipuuza kamati yao wenyewe na kumpitisha. Wote 22 wakapita. Na tusisahau aliyekuwa akiongoza kamati hiyo: Spika Wetang'ula, kinara wa Ford Kenya, mmoja wa waliotia saini mkataba wa Kenya Kwanza. Mwenye shamba alikuwa akipima ubora wa mahindi yake mwenyewe. Bunge letu linaweza kung'ata, tumeliona. Mwaka 2015 lilimkataa Monica Juma kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Lakini lilifanya hivyo baada ya wabunge kulalamika kwamba amewawekea masharti ya kufika ofisini mwake. Kilichoumia kilikuwa heshima yao. Mwaka 2022 Juma aliteuliwa mshauri wa usalama wa taifa, cheo ambacho hakiulizi kibali cha mtu yeyote bungeni.

Kuhusu wataalamu nitasema kwa ufupi. Uhuru alianza 2013 na wizara 18 na baraza ambalo wanasiasa wake wa kutajika walikuwa Balala na Ngilu. Wengine walitoka benki, kampuni na mashirika. Tulipiga makofi. Ilipofika Machi 2015 mawaziri watano walikuwa wameambiwa wakae kando kwa tuhuma za ufisadi, na kabla ya mwaka kuisha Uhuru alikuwa ameanza kuwarudisha wanasiasa. Utaalamu haukuwa kinga. Mtaalamu na mwanasiasa asiye na kiti wanafanana katika jambo linalonihusu hapa: wote wawili wanaweza kufutwa kwa taarifa ya aya moja kwa vyombo vya habari, na kesho yake hakuna eneobunge litakaloandamana. Kwa hivyo Profesa Njuguna Ndung'u wa Hazina na Moses Kuria wa Biashara walikuwa kwenye kamba moja, hata kama mmoja alizungumza kama mhadhara na mwingine kama kijiwe.

Musalia Mudavadi ndiye anayestahili kutazamwa kwa makini kuliko wote. Mkataba wa Kenya Kwanza uliahidi ANC, chama chake, na Ford Kenya asilimia 30 ya serikali, na Mudavadi akatengewa cheo kikubwa. Alikipata: akawa Mkuu wa Mawaziri, akatembea wa tatu katika msafara, na watu wa Magharibi wakasherehekea kama kwamba Waziri Mkuu amerudi. Katiba haina cheo hicho. Kimeandikwa katika amri ya rais, na kalamu iliyokiandika inaweza kukifuta asubuhi moja. Linganisha na Raila mwaka 2008. Baada ya damu ya baada ya uchaguzi, Mwafaka wa Kitaifa wa Februari 28 uliingizwa katika sheria na Katiba, na Kibaki hakuweza kumfuta Raila hata siku walipokuwa hawasalimiani. Mudavadi, ambaye mwaka 2008 alikuwa naibu wake Raila katika serikali ile na aliona kila kitu kwa macho yake, safari hii alikubali hati iliyowekwa kwa Msajili wa Vyama. Hakuwa na kiti bungeni. Silaha yake ilikuwa chama cha ANC, na hata hicho walikuwapo katika mrengo waliokuwa wakinong'ona kwamba vyama vyote tanzu vivunjwe viingie UDA, chama cha Ruto. Siku Mudavadi angekubali hilo, hangekuwa tena mshirika wa serikali. Angekuwa mfanyakazi wake mkubwa zaidi.

Haya yanamaanisha nini kwetu tunaohesabu wawili wawili kwenye baraza za kahawa? Kwanza, "mtu wetu" serikalini si wetu kwa maana tuliyoizoea. Mvurya na Jumwa waliingia kuisemea Ikulu hapa Pwani. Kama bandari, ardhi au samaki wa Kwale wangeleta mgongano kati ya matakwa yetu na ya Nairobi, hawakuwa na nyenzo ya kusimama upande wetu hata wakitaka. Anayeweza ni mbunge ambaye jina lake halikusomwa Septemba 27, na huyo tumemsahau. Pili, Ruto alitangaza katika hotuba yake ya Septemba 29, 2022 kwamba angependa mawaziri wafike bungeni kujibu maswali. Wengi walilipokea pendekezo hilo kama unyenyekevu. Nalipokea vizuri pia, ila niseme wazi kwamba waziri asiye na kiti anayejibu maswali bungeni anaibebea serikali lawama bila kuwa na uwezo wa kuibadilisha. Atakuwa ngao ya rais. Tatu, sikumtarajia waziri yeyote wa baraza hilo ajiuzulu kwa sababu ya msimamo. Kujiuzulu kunahitaji pa kurudi. Mageuzi ya baraza huja katika kila serikali, na kwa baraza hilo yangekuwa rahisi kwa rais kuliko ilivyowahi kuwa kwa Kibaki au hata Uhuru.

Ndiyo maana wakati ule habari kubwa ya siasa, kwa maoni yangu, haikuwa kwenye ofisi mpya za mawaziri pale Nairobi. Ilikuwa Garissa Mjini, Kandara na Elgeyo Marakwet, ambako tume ya uchaguzi, IEBC, ilitakiwa kuandaa chaguzi ndogo za kujaza nafasi zilizoachwa. Swali lilikuwa nani angepewa tiketi ya UDA huko, na nani angeitoa: waziri aliyeondoka au Ikulu. Duale alikuwa bungeni tangu uchaguzi wa 2007. Ambaye angechukua nafasi yake Garissa ndiye angekuwa na kura, ofisi ya eneobunge na fedha za CDF, yaani hazina ya maendeleo ya eneobunge, siku simu ya Duale ingelia na yeye kuambiwa afike Ikulu kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.